Nguzo Uliyoisimamisha Chini ya Chumba cha Mama

Kulwa, pacha wangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Mmoja anasema alikuona stendi ya Kahama umevaa kofia, na alipokuita ukageuza uso. Mwingine anaapa kwamba alikuona wewe Ushirombo siku ya mnada. Simu yako haipatikani. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, kila mtu asome, na anayekufahamu akwambie kwamba Doto anakutafuta.

Mama amekaa hapa mlangoni anachagua mchele na anajua ninachofanya. Ametaka nianze kwa kukwambia kwamba yeye ni mzima na hana kinyongo na wewe. Hayo ni maneno ya Mama. Yangu yanafuata.

Unakumbuka Jumamosi ambazo Baba alitupeleka kazini kwake? Watoto wenzetu walikwenda kuchunga au kuteka maji, sisi tulikwenda kukaa juu ya ndoo zilizoinamishwa na kumwangalia akisawazisha sakafu za watu. Mara ya kwanza kutushirikisha ilikuwa kwenye duka moja hapa Masumbwe, kazi ambayo fundi mwingine aliifanya vibaya na mwenye duka akamwita Baba airekebishe. Baba alitupa kila mmoja mwiko mdogo, akatuambia tufumbe macho, tutambae, tugonge sakafu kwa mpini na tusikilize.

"Hapa," ukasema wewe.

Mimi nilikuwa nimeshapita palepale na sikusikia kitu. Baba akaja, akagonga, akachukua tindo na kubandua. Kile kipande cha juu kilitoka kizima kama chapati, na chini yake kulikuwa na vumbi tupu. Fundi yule hakufagia zege wala hakulilowesha kabla ya kumwaga tabaka la juu, kwa hiyo vitu viwili vililala pamoja bila kushikana. "Kulwa ana masikio," Baba akasema. Nilikuonea wivu wiki nzima, na wewe ulijua, ukanipa muwa wako.

Nakumbuka pia alivyohangaika na mkono wako wa kushoto. Alijaribu kukubadilisha akashindwa, akakuacha. Wewe ulipopitisha mwiko wa chuma juu ya niru mbichi, ule uji wa simenti wa kulainishia sakafu, alama zake zilipinda kwenda upande mmoja. Za Baba na zangu zilipinda kwenda upande wa pili. Mpita njia haoni kitu. Lakini mwanga wa mlangoni ukiangukia sakafu kwa ubavu, mimi naona, na nikiona najua nani alipita hapo. Tangu tukiwa wadogo naujua mkono wako kuliko uso wako.

Na nyumba hii yenyewe, Kulwa. Baba alipomwaga sakafu ya chumba cha Mama, alikataza mtu yeyote kuingia mpaka inywe maji ya kutosha. Kazi ya kuimwagilia alitupa sisi. Tulitandika magunia, tukayalowesha asubuhi na jioni, wewe ukinirushia maji nami nikikurushia, mpaka Mama akatufukuza. Alilala sebuleni siku zote hizo. "Nyumba yangu mwenyewe naingia kwa hodi," alinung'unika, na Baba akamjibu kwamba sakafu hiyo itamzika yeye na kuendelea kumbeba Mama. Ilitokea hivyohivyo. Baba alikufa, na Mama aliendelea kutembea juu ya kazi yake bila kuona hata ufa.

Baada ya msiba tulikubaliana vizuri. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi za sakafu kule Ushirombo, madarasa na zahanati, na sikuweza kukaa nyumbani. Wewe ungebaki Masumbwe na Mama, ungepata kazi za hapa, na ungesimamia vile vyumba vya wapangaji. Sikuwa na wasiwasi. Nani angekuwa na wasiwasi na pacha wake?

Wasiwasi ulianza na simu yako. Uliniambia umepata mpangaji mpya, Festo, muuza vipuri vya pampu, mtu mtaratibu, na umempa chumba kinachopakana na cha Mama. Kisha ukaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba sakafu ya chumba hicho imekufa na utaipiga upya.

"Imekufa vipi?" nikakuuliza. "Si ni Baba aliyeimwaga pamoja na ya Mama?"

"Imekufa tu, Doto. Vitu huchakaa."

 Lakini neno hilo lilinikwama. Sisi wawili tulilelewa na mtu aliyetuambia kwamba zege likinyweshwa vizuri huzidi kukaza kila mwaka.

Nilipokuja likizo, nilimkuta Festo akinawa uani. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza habari za Ushirombo, akanipa pole ya safari. Mama alimsifu: anamletea sukari, anamwita mayu, yaani mama, kama mtoto wake wa kumzaa. Mimi nilimtazama viganja. Muuza vipuri angekuwa na grisi kwenye kucha. Huyu alikuwa na udongo, tena si udongo wetu. Wa kwetu hapa ni mweusi ukichimba kidogo. Wake ulikuwa wa manjano, ule unaotoka chini.

Nikazunguka nyuma ya choo. Palikuwa na lundo limefunikwa kwa pumba za mpunga. Niliparua kwa mguu nikakuta udongo uleule wa manjano, na ndani yake vipande vya mawe meupe. Ulikuja ukasimama nyuma yangu.

"Ni kifusi cha shimo jipya la choo," ukasema kabla sijauliza.

"Liko wapi?"

"Hatujalimaliza."

Tukaangaliana. Choo kilikuwa kilekile cha zamani na hapakuwa na shimo lingine uani. Ulijua kwamba nimeona. Ukaanza kuniuliza kama kule Ushirombo wanapenda marumaru siku hizi au bado wanataka sakafu ya niru, na mimi nikakujibu, na tukasimama pale juu ya kifusi tukizungumza habari za marumaru kama wageni wawili.

 Asubuhi iliyofuata Mama alinisimulia, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, kwamba kitanda chake kinacheza. Akilala anahisi mtetemo mgongoni. Maji kwenye kikombe chake yanatikisika peke yake. Mama Neema, jirani, alimwambia ni presha, na wewe ulimwambia ni uzee. Nikamwuliza kwa nini kitanda kimehamia ukuta wa pili.

"Kulwa alinihamisha," akasema. "Alisema upande ule una unyevu."

Nilipiga magoti nikagonga sakafu ya Baba kwa mpini wa kisu cha jikoni. Karibu na ukuta wa Festo ililia kama debe. Niligonga tena kuelekea katikati ya chumba, ikalia vilevile. Halafu nikaona ufa mwembamba umetoka chini ya ukuta ule na kuingia chumbani. Wewe ulipofika mlangoni nilikuita.

"Njoo usikilize."

Hukuingia. Ulisimama kizingitini, mkono juu ya mwimo wa mlango.

"Sakafu ya zamani hiyo. Simenti huchoka."

"Piga magoti, Kulwa. Wewe ndiye mwenye masikio."

"Nina haraka," ukasema. "Naenda Kahama kufuata simenti. Nikirudi tutaitazama."

Mama akakuambia uchukue kanzu yake kwa fundi cherehani ukipita. Ulisema sawa. Ulimshika bega, ukamshika kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha ukaondoka. Hatujakuona tangu hapo. Kufikia mchana Festo naye alikuwa ametoka, na mlango wake ulikuwa na kufuli.

Nilimtoa Mama kwanza. Alibisha, akauliza anahamishiwa nini kwa Mama Neema wakati ana nyumba. Nikamwambia nataka kupulizia dawa ya mchwa. Kisha nikamfuata mwenyekiti wa kitongoji, naye akamwita Maganga, mchimbaji aliyezama machimboni tangu ujana wake na ambaye sasa anauza mkaa. Mama alipotoa ruhusa yake kama mwenye nyumba, bado akiamini ni dawa ya mchwa, tulivunja kufuli.

Sakafu yako ilikuwa nzuri, Kulwa. Sisemi hili kwa kejeli. Mwenyekiti aliingia akasema, "Mbona hapa pako safi." Niru ilikuwa laini, pembe zimenyooka, hakuna pima maji ambayo ingekulaumu. Niliacha mlango wazi, nikachutama, nikatazama kwa ubavu. Alama zilipinda kwenda upande wako. Nilizifuata kwa macho mpaka chini ya kitanda cha Festo, na hapo zilikatika kwenye mstari. Tulisogeza kitanda. Kulikuwa na mfuniko wa mraba, wa zege, umefungwa kwa nondo, umekaa vizuri kiasi kwamba ncha ya kisu ilipita kwa shida. Ulikuwa umeutengenezea hata vishikio viwili vya nondo vinavyolala ndani ya sakafu ili mkeka ukitandikwa usionyeshe tuta.

Maganga na mwenyekiti waliunyanyua. Harufu ya udongo mbichi ikatujia. Lilikuwa duara, shimo la wachimbaji, lenye ngazi ya miti na matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Mwenyekiti alirudi nyuma mpaka ukutani. Maganga hakushangaa. Alisema hayo yapo siku hizi, watu wanapanga chumba kumbe wamepanga mwamba ulio chini yake.

Alishuka, nami nikashuka nyuma yake. Alinikataza, lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Chini walikuwa wamefuata mkanda wa mawe meupe, yale yenye dhahabu, na mkanda huo haukwenda barabarani wala uani. Ulikwenda chini ya Mama. Kadiri tulivyosonga ndivyo ulivyopanda, mpaka tukafika mahali ambapo juu ya vichwa vyetu, kwa mwanga wa tochi, niliyaona mawe ya Baba. Yale mawe tuliyoyabeba mimi na wewe kwa karai kabla hajamwaga zege. Yalikuwa yananing'inia. Udongo uliokuwa chini yake walikuwa wameutoa, na kilichobaki kumbeba mama yetu na kitanda chake ni ule unene wa zege tu.

Palepale niliiona nguzo yako.

Matofali ya simenti yaliyopangwa kwa kupishana, mapana chini, yamepanda mpaka kwenye zege, na juu kabisa umekandamiza udongo wa simenti mkavumkavu ukajaa kila pengo, kama alivyotufundisha Baba, ili lisibaki pengo la kufanya kitu kishuke. Nguzo ilikuwa chini ya pale ulipokihamishia kitanda cha Mama. Maganga aliigonga akasema aliyeijenga si mchimbaji. Nikamulika karibu. Uliipiga lipu, kisha ukaipiga niru. Mahali pasipofika jua, ambapo hakuna mgeni angeingia kukusifu, ulisimama ukailainisha kwa mwiko wa chuma kwa mkono wako wa kushoto.

Tangu siku hiyo sijui nikufikirie vipi.

Mama alipopata habari, kwa sababu mji mzima ulizijua kabla ya jua kuzama, hakulia wala hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu: nguzo ilikuwa upande gani wa chumba. Nilipomwonyesha, akatikisa kichwa polepole. "Unaona," akasema. "Alinijengea. Wale watu walimshika pabaya, akashindwa kuwazuia, akanijengea."

Nilimpelekea Maganga maneno hayo. Alifikiri, akanitazama kwa huruma.

"Dada, sitaki kukuharibia ndugu yako," akasema. "Lakini bila nguzo ile wasingeweza kusonga mbele. Sakafu ingewaangukia wao kwanza. Mtu yeyote aliyetaka kuendelea kuchimba pale angehitaji nguzo."

Basi nimebaki katikati ya hao wawili. Nikiwa na Mama nasikia maneno ya Maganga, na nikiwa na Maganga nasikia ya Mama. Nageuza kila ulichofanya na kila kitu kina pande mbili. Ulihamisha kitanda ili awe mahali salama, au ili asiwe karibu na mahali nyundo zilipokuwa zikigonga? Ulinipigia simu kuhusu sakafu kwa sababu ulitaka nishtuke nije, au ulitaka nikija nisishangae kukuta sakafu mpya? Ulimshika bega Mama kwa kumuaga, au kwa kuona kama bado anakuamini? Na Festo, ambaye polisi wanamtafuta kama wewe na hawajampata, alikuwa bosi wako au kibarua wako? Watu hapa wana majibu mengi. Wapo wanaoapa kwamba umeshajenga Kahama, na wapo wanaosema ulitishwa. Nimeacha kuwauliza, kwa sababu kila anayenijibu namtazama usoni na kujiuliza yeye amejuaje.

Nyumba nimeitengeneza. Nilikuja na mafundi wenzangu wa Ushirombo na hatukuficha kitu, milango wazi, kila mtu akiona. Tulibomoa sakafu ya Baba, na hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea, kwa sababu tindo lilikataa. Lilikuwa zege la kweli. Tulijaza shimo kwa mawe, tukashindilia tabaka kwa tabaka na kumwagilia, mpaka juu. Wenzangu walitaka kuvunja nguzo yako ili kazi iwe rahisi. Niliwakataza. Nimeizika ikiwa imesimama, mawe yameizunguka. Usiniulize kwa nini, sijajijibu. Juu yake tukatandika nailoni, nondo, zege jipya, na lilipokaza tukalikwaruza, tukalifagia, tukalilowesha, tukapaka uji wa simenti, ndipo tukamwaga tabaka la mwisho. Niru nilipiga mwenyewe. Mama alikaa mlangoni akinielekeza mahali ambapo sikuona.

Amerudi chumbani kwake. Sakafu haisemi neno ukiigonga. Hata hivyo kila nikija huigonga yote, kutoka ukuta hadi ukuta, na vyumba vya wapangaji vilevile. Wapangaji wamechoka nami. Mmoja amehama, akisema hawezi kuishi kwa mtu anayemkagua viatu. Sikumlaumu. Wakati anatoa mizigo, bado nilitazama viatu vyake.

Majuzi jambo jingine limetokea. Mtu asiyejulikana alimwachia Mama Neema kifurushi kutoka Kahama, akasema ni cha mama wa Kulwa na Doto. Ndani kulikuwa na dawa za presha, zilezile anazotumia Mama, na kanzu yake kutoka kwa fundi cherehani, imeshonwa na kukunjwa vizuri. Mama aliivaa hapohapo. Alifurahi kiasi cha kuimba. Mimi nilichukua zile dawa, nikatazama kama maboksi yamefunguliwa, nikazipeleka zahanati wazitazame.

"Hata dawa ya mtoto wangu unaipima?" Mama akaniuliza niliporudi.

 Dawa zilikuwa nzima. Nilimwekea mezani, akameza kidonge mbele yangu huku akinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona mama yangu akinikasirikia mimi kwa ajili yako.

Kwa hiyo ukiweza kurudi, rudi mchana, pitia mlango wa mbele. Mama atakupikia. Sitaita mtu yeyote kabla hujala, hilo nakuahidi. Baada ya hapo sitaahidi kitu, kwa sababu mwenyekiti ana haki ya kukuuliza yake na polisi wana yao. Mimi nina swali moja tu, na sijamwambia mtu yeyote ndani ya nyumba hii, hata Mama.

Nilipokuwa kule chini nikiishika nguzo yako, Mama alikuwa ametoroka kutoka kwa Mama Neema na kurudi chumbani kwake kuchukua rozari. Sikujua kwamba amerudi. Nilisikia nyayo zake juu ya kichwa changu, zile kandambili zinazoburuta, kisha nikamsikia akisali. Unajua sauti yake. Kila neno lilinifikia. Alitutaja kwa majina, wewe kwanza halafu mimi, kama anavyofanya kila siku.

Wewe ulikaa pale muda wa kutosha kujenga, kupiga lipu na kupiga niru. Lazima ulimsikia, si mara moja. Akamaliza kukuombea, nawe ukaendelea na kazi. Nataka uniambie, Kulwa, mimi niliyelala nawe tumbo moja, wakati huo mkono wako ulikuwa unafanya kazi kwa ajili ya nani.

Kaa salama huko uliko.

Ni mimi, uliyenitangulia kuzaliwa,
pacha wako Doto